Siku 14 ambazo Nakuru ilikuwa inangoja faili moja

Wiki jana kijana tunayefanya naye kazi, ametoka chuo juzi tu, aliniuliza swali nikiwa nakimbilia mkutano: "Brathe, kama tuna bakapu kila Jumapili, hiyo seva ya Nakuru inakula stima ya nini?" Nikamjibu haraka haraka nikaingia ndani, lakini mkutano wote nilikaa najua jibu nililompa halijatosha, na swali lake ni la maana sana. Hiyo seva ya Nakuru ni standibai yetu, yaani seva ya akiba inayongoja kushika kazi siku ile seva kuu ya hapa Kisumu imekufa. Kwa hivyo hili hapa ndilo jibu refu, nimeliandika ili na wengine mnaotunza databesi huku kwetu msome.

Mimi niko Kisumu, natunza databesi ya sacco moja hapa town, jina nitaliacha. Inaendeshwa na PostgreSQL, programu ya kutunza databesi, saizi yake kama GB 140, si kubwa kwa macho ya watu wa benki, lakini ndani yake kuna walimu, watu wa boda, wamama wanaouza samaki Dunga, wakulima wa miwa kutoka Muhoroni na wa mchele kutoka Ahero. Mama anamaliza kuuza saa tatu usiku, anatuma shilingi 200 kwa simu, anapata meseji ya kuthibitisha, anazima taa analala. Hana risiti ya karatasi, kile kitabu cha akiba cha zamani alishakiacha. Pesa yake sasa ni mstari mmoja kwa diski yetu na mimi ndio nimeambiwa niuchunge huo mstari, na hiyo kazi siichukulii kimchezo hata siku moja.

Sasa, PostgreSQL ikipokea hiyo 200 haikimbilii kubadilisha faili ya jedwali. Kwanza inaandika kwa logi, inahakikisha logi imefika diski kabisa, ndio inajibu sawa, imeingia. Jedwali lenyewe kwa diski litabadilishwa baadaye, ikipata nafasi. Ni kama karani wa kupokea maziwa kituoni, hata foleni iwe ndefu namna gani anaandika kilo zako kwa daftari kabla mkebe haujamiminwa kwa tangi, kwa sababu maziwa yakishachanganyika hakuna mtu anaweza kuyaangalia ajue ya nani ni ngapi, lakini daftari linajua. Hiyo logi ndio inaitwa WAL (write-ahead log, logi inayotangulia kuandikwa). Inakatwa vipande vya MB 16 kila kimoja, na kila kipande kina jina la tarakimu 24 ambalo linaongezeka kwa mpangilio, hakuna kuruka. Zamani foda yake iliitwa pg_xlog, na watu wakiona diski imejaa halafu waone jina kama hilo walidhani ni zile logi za kawaida za kusoma makosa, wanafuta, na databesi inakataa kuwaka. Toleo la 10 la mwaka 2017 ndilo lilibadilisha jina likawa pg_wal, na mimi naona hilo badiliko dogo limeokoa watu wengi kuliko mambo mengi makubwa yaliyokuja nalo.

Nakuja kwa bakapu. Bakapu tunayochukua Jumapili ni ya pg_basebackup, komandi ya PostgreSQL yenyewe, inakopi faili zote za databesi huku watu wanaendelea kuweka na kutoa pesa, hatufungi kitu. Fikiria unataka kupiga picha ya Kibuye nzima siku ya Jumapili soko limejaa, unaanzia upande wa mitumba unaenda ukipiga hadi upande wa mahindi, na ukifika mwisho wale wa mitumba wameshahama, mwingine ameuza ameenda nyumbani, mwingine uliyempiga picha kule unampata tena huku. Ukipanga hizo picha mezani hazionyeshi soko la dakika yoyote ile. Bakapu iko hivyo hivyo, peke yake haifai. Kinachoifanya iwe databesi ni logi zilizoandikwa kuanzia bakapu ilipoanza hadi ilipoisha: unaziripleyi, yaani kila badiliko lililoandikwa linafanywa tena moja baada ya lingine kwa mpangilio ule ule, na ikifika mwisho wa bakapu kila kitu kinakubaliana. Ile faili ndogo inaitwa backup_label ndiyo inasema kuripleyi kuanzie wapi. Nimeshaona mtu anaifuta kwa sababu seva ilikataa kuwaka ikiwepo, seva ikawaka vizuri, na data ikawa imeharibika ndani kwa ndani. Usiifute. Tafadhali.

Na sasa ndio standibai. Ukishajua kuripleyi, standibai si kitu kipya, ni seva uliyoirudishia bakapu halafu ukaiambia iendelee kuripleyi na isimalize, kila logi mpya ikifika inaila na kungoja nyingine. Ni seva inayopona bila kumaliza kupona. Siku ile seva kuu imekufa unaiambia basi, imetosha, simama uwe mkubwa, na kwa dakika moja au mbili inaanza kupokea watu. Hapo ndipo swali la yule kijana linajibiwa: kurudisha GB 140 kutoka bakapu, halafu kuripleyi siku 6 za logi kama ajali imetokea Jumamosi, ni kazi ya masaa mengi sana na watu wamesimama kaunta. Nakuru kazi hiyo imeshafanywa tayari, kidogo kidogo. Logi zimekuwa zikihifadhika namna hii tangu toleo 8.0 la 2005, na tangu 9.0 ya 2010 unaweza hata kusoma data ndani ya standibai huku inaendelea kuripleyi, ambayo kwangu imekuwa muhimu sana na nitasema kwa nini.

Mbona Nakuru? Kwa sababu kutoka hapa ni kama kilomita 180, unapita Ahero, Awasi, Kericho, unaingia barabara kubwa pale Mau Summit, na yakitupata mafuriko au moto au transfoma kulipuka hapa, kule hayafiki. Meneja aliwahi kutaka tuhamishe standibai yote tuipeleke kwa seva za kukodi Ulaya, na sikatai zina mazuri yake, lakini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kukokota, na siku hiyo kutoka Kisumu hadi Nakuru faili zilikuwa zinapita kama kawaida kwa sababu haziendi baharini. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Sasa nieleze tulivyokuwa tumepanga mwaka 2023, maana hapo ndipo penye funzo lenyewe. Hatukutumia straimu, yaani kutuma logi mfululizo badiliko kwa badiliko, tulituma faili nzima nzima. Fiba yetu ilikuwa inakatwa na watu wa kuchimba barabara karibu kila wiki, na faili ikikatikia njiani unaituma tena, haina neno. Seva kuu ilikuwa na archive_command, ile komandi ambayo PostgreSQL inaiita kila kipande cha logi kikijaa, na yetu ilikopi kipande kwenda /mnt/akiba. Hiyo /mnt/akiba haikuwa diski ya seva, ilikuwa ni boksi la kuhifadhi liko chumba kingine, tumelimaunti kwa netiwaki, yaani tumeliunganisha lionekane kama foda ya seva. Boksi lenyewe ndilo lilituma faili Nakuru kwa rsync, programu ya kukopi faili kati ya mashine. Tukaweka archive_timeout sekunde 300, maana yake hata kipande kisipojaa kinafungwa kila dakika 5 na kutumwa, hivyo ni faili 288 kwa siku, na kwa kuwa kila moja ni MB 16 hata ikiwa nusu tupu, hiyo ni GB 4.6 kwa siku kabla hujazibana. Tulijua tukipoteza Kisumu yote tutapoteza dakika 5 za mwisho na zaidi kidogo, bodi ikakubali, tukaandika chini.

Komandi yenyewe ilikuwa hii, na iko vile vile kwa mafunzo mengi sana:

test ! -f /mnt/akiba/%f && cp %p /mnt/akiba/%f

Inasoma hivi: kama faili yenye jina hili (%f) haiko, ikopi kutoka pale ilipo (%p). Ikifaulu inarudisha sifuri na PostgreSQL inaamini kwamba kipande kiko salama, kwa hivyo iko huru kukitumia upya. Isipofaulu PostgreSQL inashikilia kipande na kujaribu tena, na haitakiachilia hata diski ijae. Ni mkataba mkali, na mimi niliupenda kwa sababu ya huo ukali, nilidhani hauwezi kudanganywa.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 usiku stima ilipotea karibu Kenya nzima, wengi mnaikumbuka. Kwetu jenereta ya jengo ilikataa kuwaka, UPS ikabeba seva kwa muda ikachoka, vyote vikazima. Stima iliporudi seva ikawaka, PostgreSQL ikaripleyi logi zake yenyewe kama inavyofanya baada ya kuzima ghafla, ikafunguka, hakuna shilingi iliyopotea, kaunta ikafunguliwa Jumamosi asubuhi na watu wakahudumiwa. Nilishukuru Mungu na nikaenda nyumbani kulala maana sikuwa nimelala.

Ambacho sikukijua ni kwamba seva iliwaka kabla ya boksi. Ilijaribu kumaunti /mnt/akiba ikakosa, na kwa sababu tulikuwa tumeweka nofail ili seva isikatae kuwaka kwa ajili ya boksi, ikaendelea bila. Na /mnt/akiba bado ipo, ni foda ya kawaida tu kwa diski ya seva yenyewe, tupu. Kipande cha kwanza cha logi kikajaa, komandi ikauliza, faili hii iko? haiko, ikakopi, ikarudisha sifuri. Ikakopi hapo hapo ndani ya seva ile ile ambayo tunajilinda isije ikafa. Jumamosi yote, Jumapili yote, hadi Jumatatu saa nne asubuhi ambapo fundi wetu akipitapita aliona boksi halijamauntiwa, akafanya la busara kabisa, akalimaunti, akaona faili mpya zinaingia, akaandika kwa daftari la zamu "boksi limerudi".

Mnaona ilivyokuwa? Kumaunti kitu juu ya foda ni kama kutandika mkeka juu ya mkeka. Vilivyokuwa kwa mkeka wa chini havijaenda popote lakini huwezi kuviona tena. Faili za siku mbili na nusu zikafunikwa pale, na juu yake faili mpya zikaanza kupita kwenda Nakuru vizuri kabisa.

Na Nakuru? Nakuru ilikuwa inataka faili moja tu, ile ya kwanza iliyokosekana ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Standibai haiwezi kuruka. Hata umpe faili elfu nne zinazofuata hazigusi, kwa sababu badiliko la kesho limeandikwa juu ya hali ya leo. Na kukosa faili kwake si kosa, ndiyo hali yake ya kila siku, kila mara ikimaliza iliyopo inauliza inayofuata, haipo, inangoja sekunde 5, inauliza tena. Kwa hivyo haikulia. Iliuliza faili ile ile mara 17,280 kwa siku, kwa siku 14, ni zaidi ya mara laki mbili, na kila mara ikajibiwa haipo. Nikifikiria hiyo bado naumia moyo.

Skrini yetu ya kuangalia ilikuwa kijani wakati wote. Tulikuwa tunaangalia pg_stat_archiver upande wa Kisumu, inayohesabu mara ambazo archive_command imefaulu na imeshindwa, failed_count ikiwa sifuri ni sawa, na ilikuwa sifuri kweli. Tuliuliza mtumaji kama ametuma. Hakuna aliyemuuliza mpokeaji kama amekula.

Niligundua Jumamosi tarehe 9 Septemba, na ni kwa sababu nilikuwa nimesafiri Nakuru kwa mambo ya familia, nikapitia ofisini Kenyatta Avenue nibadilishe betri ya UPS. Nikiwa pale nikafungua databesi tu niangalie pg_last_xact_replay_timestamp(), ile inayosema badiliko la mwisho kuripleyiwa lilifanyika lini kule kwa seva kuu. Ikarudisha 2023-08-26, saa sita na dakika 52 usiku. Nikadhani nimesoma vibaya nikaiita tena. Nilikaa chini kwa kiti cha askari, yule mzee wa mlangoni akaniuliza, "Kijana, kuna mtu amefariki?" nikamwambia hapana mzee, niko sawa tu, nipe dakika.

Kitaalamu hatukuwa uchi kabisa. Seva kuu ilikuwa hai na boksi la Kisumu lilikuwa na bakapu ya tarehe 3 Septemba. Lakini vyote viwili viko jengo moja, na kazi yote ya Nakuru ni siku ambayo jengo hilo halipo. Kama moto ungeshika wiki hiyo, mama wa Dunga angepata akiba yake ilivyokuwa tarehe 25 Agosti, na mkopo aliolipa mwisho wa mwezi ungesema hajalipa.

Njia ya kwanza iliyokuja kichwani ilikuwa kutupa standibai na kuanza upya na bakapu mpya, lakini GB 140 kwa fiba ile ni siku nzima kama hakuna mtu amekata waya, na siku hiyo nzima huna standibai. Nikaingia seva ya Kisumu kutoka pale pale Nakuru nikaanza kutafuta. Kilichonionyesha njia ni hesabu ya diski. Komandi ya df, inayopima diski nzima, ilisema diski ya seva imetumika karibu GB 12 zaidi ya zile komandi ya du inazoweza kuhesabu foda kwa foda. GB 12 haziwezi kuwa hewa. Nikamaunti mzizi wa diski mahali pengine kwa mount --bind / /mnt/chini, ambayo inakuonyesha diski yenyewe bila vilivyotandikwa juu yake, nikaingia /mnt/chini/mnt/akiba, na zote zilikuwa pale. Faili 731. Ya kwanza kabisa ilikuwa ndiyo ile Nakuru inaitaka.

Nilizihesabu mara mbili kuona hakuna pengo kati yake na zile za Jumatatu, nikazipeleka boksi, boksi likaanza kuzituma. Kisha nikafungua logi ya standibai nikaangalia. Dakika chache kimya, halafu mstari wa kwanza ukatoka, restored log file na lile jina refu, halafu wa pili, halafu ikawa inamwagika tu, Agosti 26, Agosti 27, ikavuka siku za mshahara, ikaingia Septemba. Ilichukua masaa matatu na kitu. Sikutoka kwenda kula.

Na ilipofika mwisho ikaonyesha muda wa dakika 4 zilizopita, bado sikuamini. Siku 14 ile skrini ya kijani ilikuwa imeniambia mambo ni sawa, mbona niamini hii nyingine? Nikampigia simu mhasibu wetu, mama wa makamo ambaye amekuwa pale kabla ya kompyuta kuingia na bado anafunga kila mwezi kwa mkono kwa kaunta buku nyeusi. Jumamosi jioni. Nikamwambia, "Mama, samahani kukusumbua, buku iko karibu?" Akasema, "Nyathina, umenitisha, iko." Nikamwomba anisomee jumla ya akiba mwisho wa Agosti tarehe 31, akaisoma hadi senti, na mimi nikaiuliza standibai ile ile hesabu, na kwa kuwa inaruhusu kusomwa huku inaripleyi sikuhitaji kuisimamisha. Zikalingana. Hapo ndio niliweza kula.

Tulirekebisha mambo kadhaa baada ya hapo. Komandi sasa inaanza na mountpoint -q /mnt/akiba, kama boksi halijamauntiwa inakataa na PostgreSQL inashikilia logi zake kama inavyopaswa. Foda ya chini tuliipiga chattr +i boksi likiwa limeshushwa, hata root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hawezi kuandika humo kwa bahati mbaya, hii nawashauri wote maana haina gharama yoyote. Faili inakopiwa kwa jina la muda kwanza ndio inapewa jina lake, ili mtu asichukue nusu. Pia tumeongeza straimu sasa fiba imetulia, na faili zimebaki njia ya pili, straimu ikikatika standibai inarudi kwa faili yenyewe bila kuambiwa. Tunatumia sloti ya kushikilia logi kwa seva kuu hadi Nakuru izipokee, lakini tumeiwekea kikomo kwa max_slot_wal_keep_size, iliyokuja na toleo la 13, kwa sababu sloti bila kikomo na Nakuru ikiwa imezima wiki nzima itakujazia diski ya seva kuu hadi nayo isimame. Seva zote mbili zina toleo moja la Linux, na hili watu hulipuuza: glibc, maktaba ya msingi ya Linux, toleo 2.28 la mwaka 2018 ilibadilisha namna maneno yanavyopangwa, ukiwa na la zamani huku na jipya kule indeksi za majina, zile orodha za kutafutia haraka, zinaharibika na hakuna anayekuambia.

Kubwa zaidi ni kwamba tunauliza Nakuru sasa, si Kisumu. Kuna jedwali dogo, Kisumu inaandika saa kila dakika, na kitu kilichoko Nakuru kinasoma hiyo saa ndani ya standibai na kulinganisha na saa ya ukutani, ikipita dakika 15 simu zinalia. Yaliyowapata GitLab, kampuni ya kutunza msimbo wa programu, tarehe 31 Januari 2017 wengi mnayajua, mhandisi akirekebisha replikesheni (kunakili data kutoka seva moja kwenda nyingine) usiku akafuta data ya seva kuu akidhani yuko kwa ile nyingine, na walipokimbilia bakapu za pg_dump wakakuta hazikuwa zinafanyika kwa sababu pg_dump ilikuwa ya toleo 9.2 na seva ni 9.6, na barua pepe za kuwaambia zimeshindikana zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa masaa 6 kabla. Waliandika yote wazi na nawaheshimu kwa hilo. Mimi niliisoma 2017 na nikadhani nimeielewa.

Kijana akaniuliza pia, mtu akifanya UPDATE bila WHERE, yaani abadilishe data bila kusema mistari ipi na jedwali lote libadilike, si Nakuru itaharibika pia? Ndio, ndani ya sekunde, standibai inaripleyi makosa kwa uaminifu ule ule inaoripleyia mazuri. Wengine huweka recovery_min_apply_delay ili standibai ibaki nyuma saa moja makusudi. Sisi hatukuweka, tunataka Nakuru iwe karibu iwezekanavyo, na kwa makosa ya binadamu tunatumia bakapu ya Jumapili na logi, unairudisha kwa mashine ya tatu na kuiambia iripleyi hadi saa fulani isimame. Kwa hivyo bakapu na standibai ni vitu viwili na hakuna kimoja kinachomuondoa mwenzake.

Hiyo mashine ya tatu ndiyo tunaifanyia mtihani kila mwezi. Hatupromoti Nakuru, yaani kuipandisha iwe seva kuu, kujaribu tu, kwa sababu ikishapanda inaanza taimulaini yake, mfuatano wake mpya wa logi, na haiwezi kurudi kumfuata mkubwa bila pg_rewind, zana ya kuirudisha nyuma, au bakapu mpya. Tunachukua bakapu, tunaweka recovery_target_time siku na saa ambayo Mama, yule mhasibu wetu, alifunga buku, inaripleyi inafika hapo inasimama, na tunampigia.

Mwezi uliopita haikulingana. Tuliweka saa kumi na moja kamili jioni, jumla ikapungua kwa shilingi 3,200. Yule kijana alikuwa ameketi karibu nami, akaanza kusema labda indeksi, labda kuna logi imeruka, na mimi mwenyewe nilihisi tumbo kama lile la Nakuru. Nikamuuliza Mama alifunga saa ngapi kwa hakika. Akanyamaza akifungua kurasa. "Nilikuwa nimefunga saa kumi na moja, lakini kuna mwalimu alikuja mbio kutoka Kondele na pesa mkononi, nikamhurumia nikampokea. Weka kumi na moja na robo."

Mashine ilikuwa imesimama tu pale ilipofika, haijafungwa, hivyo tukabadilisha saa kuwa 17:15, tukaiwasha tena, ikala vipande vitatu vya logi ikasimama. Nikasoma jumla kwa sauti. Mama akarudia nambari moja moja nyuma yangu kidole kikiwa kwa buku, nilisikia karatasi, hadi senti.

"Ehe," akasema, "hiyo ndiyo yangu," na akakata simu.

Mwezi ujao ni kijana atakayempigia.